Kiti cha Kaskazini

Skarvnes, 18 Septemba

Mwanangu Jostein,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini najua pia kwamba tangu Jumatatu watu wanakuvuta huku na huku, basi nimejibu kabisa. Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika kila mvua ikikaribia, na Skarvnes mvua haijawahi kuwa mbali. Wewe je, unakula? Nilikuona kwenye televisheni siku ya matokeo, shingo imekonda kama ya korongo.

Mwanangu, tumeshinda. Chama chetu ni kidogo na wale wakubwa ndio wenye viti vingi, lakini viti vyao havitoshi kuunda serikali peke yao. Lazima waje kwenu. Kwenye kituo chetu watu walipanga foleni mpaka nje ya shule. Wazee waliokuwa hawajapiga kura tangu baba yako yu hai walikuja na fimbo zao. Si kwa ajili ya sura yako, usijisifu. Ni kwa ajili ya wodi ya wazazi. Ulipopanda jukwaani pale bandarini mwezi wa nane ukasema chama chetu hakitaingia katika serikali yoyote itakayoifunga wodi ile, watu walikusikia.

Borghild wa nyumba ya buluu ndiye pekee anayebana midomo. Nilimpelekea lefse, zile chapati zetu za viazi, bado za moto, akala zote, kisha akaniambia mwanasiasa akiwa na njaa huahidi, akishiba hupiga usingizi. Nikamwambia, huyu ni mtoto uliyekuwa unamfuta kamasi. Akasema ndiyo maana anazijua kamasi zake. Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

Sasa habari ya furaha. Dada yako Sunniva ni mjamzito. Atajifungua mwishoni mwa Februari, wakati barabara ya mlimani inafungwa mara kwa mara kwa theluji. Anasema hana wasiwasi, maana wodi iko hapa hapa mjini kwetu, na kaka yake ndiye mlinzi. Anataka wewe ndiye umshike mtoto siku ya ubatizo.

Hiyo karatasi ya makubaliano mtakayoandika huko, wodi iwekeni mwanzoni, kabla hamjachoka.

Mama yako

*

Hotelini, kando ya ziwa, 29 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mwambie Sunniva nimefurahi mno na kumshika mtoto nimekubali. Goti lako lipake ile dawa niliyokuletea, si kuipanga dirishani kama pambo.

Tumefungiwa humu wiki ya pili sasa. Simu tunaziacha mlangoni asubuhi, waandishi wa habari wamepiga kambi nje ya geti wakitetemeka kwa baridi, nasi tunazunguka ziwa wawili wawili kama wachumba. Ndiyo maana nakuandikia, na pia kwa sababu kwenye simu husikii, unajibu swali ambalo sikuuliza.

Nilidhani kuunda baraza la mawaziri ni kuchagua wanaofaa. Kumbe ni kazi ya kusawazisha. Nusu wanawake, nusu wanaume. Mmoja wa pwani ya magharibi, la sivyo magharibi watanuna miaka minne. Mmoja kijana, mmoja aliyewahi kushika jembe, mmoja wa kumtuliza kila mwenye kinyongo ndani ya chama kikubwa. Na mmoja wa kaskazini. Brede Askevik, atakayekuwa waziri mkuu, ana majina yote kichwani. Ukimwondoa huyu, anakuambia papo hapo ni akina nani wengine watatu watakaoanguka.

Kiti cha kaskazini ni kimoja tu. Ragna, kiongozi wetu, alinivuta pembeni jana akaniambia ni changu. Anasema itakuwa wizara ya Uvuvi. Usimwambie mtu, hata Borghild. Hasa Borghild.

Kuhusu wodi, iko mezani. Brede hajakataa. Aliniambia anaelewa jinsi jambo hili lilivyo karibu na moyo wangu.

Mwanao,
Jostein

*

Skarvnes, 6 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya kimyakimya. Sikumwambia mtu. Niliingia chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikacheza kidogo na goti langu hilo hilo. Baba yako angelia.

Sisi wazima, ila mji hauna utulivu. Gazeti la Oslo limeandika kwamba serikali mpya inataka kupunguza wodi ndogo za wazazi, na kati ya majina yaliyotajwa letu limo. Tangu asubuhi ile mlango wangu haupumziki. Nilipokuwa na duka la ushirika watu walikuja kuniuliza unga utafika lini. Sasa wanakuja kuniuliza watoto wao watazaliwa wapi. Sunniva hakuuliza kitu. Alikaa jikoni akakunja nguo za mtoto ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Chama kimetuletea taarifa kwamba matawi yote yapige kura kabla ya halmashauri kuu kukubali serikali ya mseto. Mkutano wetu ni tarehe 14. Mimi ndiye mwenyekiti, watanitazama mimi. Borghild anasema atapiga kura ya hapana na atawavuta wengine. Na tawi letu likikataa, matawi ya jirani yatafuata, unayajua.

Kwa hiyo nakuuliza kama mama, si kama mwenyekiti. Wodi ipo au haipo? Kama haipo niambie haipo. Nitasimama mbele yao niseme tumeshindwa, na tutakataa mseto, na wewe utarudi nyumbani bila uwaziri tule samaki mkavu kama zamani. Hakuna aibu katika hilo. Ila nisije nikawaambia watu jambo ambalo mwanangu hajaniambia.

Jibu upesi.

Mama yako

*

Hotelini, 10 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Naandika mbio, dereva wa Ragna anakwenda mjini na ataiweka barua hii kwenye ndege ya leo.

Wodi iko salama. Waambie hivyo, na waambie ni neno langu. Karatasi itasema huduma za uzazi zitaimarishwa nchi nzima kwa kuzingatia usalama wa mama na mtoto. Usishtushwe na lugha, ndivyo serikali zinavyoandika. Maana yake ni kwamba tumepata tulichotaka.

Tafadhali, kura ya tawi letu ni muhimu kuliko unavyodhani. Skarvnes ikikubali, kaskazini yote itakubali.

Na ujiandae. Tarehe 19 tunakwenda ikulu kwa mfalme, kisha tunatoka uwanjani mbele ya watu. Nataka unione. Tiketi nimekulipia. Vaa lile vazi la sherehe la bibi, lenye vifungo vya fedha.

Mwanao,
Jostein

*

Skarvnes, 15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Afya ni nzuri na leo hata goti limenyamaza. Tumepitisha.

Nikueleze. Ukumbi wa shule ulijaa, wengine walikaa juu ya meza za watoto. Nilisoma maneno ya karatasi kama yalivyo, na niliona nyuso zinaganda. Mmoja akauliza kuimarisha ndiyo nini, mbona hawasemi kutofunga. Hapo nikakunja ile karatasi nikawaambia nimemuuliza mwanangu moja kwa moja, naye amenijibu moja kwa moja, wodi iko salama. Nikasema, mnanijua. Nimewauzia nyama na unga karibu maisha yangu yote, na sijawahi kuweka kidole kwenye mizani.

Kisha Borghild akasimama. Nilijua ananimaliza. Akasema, "Mimi simwamini Jostein wala hao anaolala nao hoteli moja. Ninakuamini wewe, Gunnvor." Akanyoosha mkono wa ndiyo. Wakafuata karibu wote.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Vazi la bibi limenibana kiunoni, Sunniva ameachia mshono. Yeye hawezi kusafiri, kichefuchefu bado kinamsumbua, lakini atatazama kwenye televisheni na watoto wa jirani. Nitakuletea maua kutoka huku huku, si ya kununua Oslo.

Tuonane uwanjani, Mheshimiwa.

Mama yako

*

Oslo, 22 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai umefika salama na hujambo. Nasema natumai kwa sababu sijui. Simu hupokei, na Sunniva ananijibu neno moja moja.

Nilikutafuta siku ile. Tuliandaliwa chakula, nikakuwekea kiti karibu na Ragna, nikaambiwa hotelini kwamba umechukua mkoba wako ukaenda uwanja wa ndege. Je, uliumwa? Ni umati uliokuchosha? Au ni kwa sababu wizara ilibadilika? Kweli, Uvuvi ilikwenda kwa mtu wa magharibi dakika za mwisho, nami nikapewa Afya. Ni wizara kubwa zaidi, Mama. Ningekuambia, lakini hatukuruhusiwa kusema kabla ya mfalme.

Picha yetu imetoka kwenye magazeti yote. Umependeza. Kila mtu ofisini ananiambia nina mama mrembo.

Niandikie japo mstari mmoja.

Mwanao,
Jostein

*

Skarvnes, 3 Novemba

Jostein,

Sisi ni wazima. Karatasi mbili nimezichana kabla ya hii.

Unaniuliza kama niliumwa. Nitakuambia kilichonipata pale uwanjani, kisha ugonjwa huo utaupa jina mwenyewe.

Nilifika mapema nikasimama mbele, karibu na kamba. Kulikuwa na jua la baridi na bendera, na watu waliniuliza mimi ni mama wa nani. Nikawaambia. Mlipoanza kutoka, mtangazaji alikuwa anataja majina. Aliposema Jostein Eidsnes, Waziri wa Afya, nilipiga kelele ya furaha. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, Mungu mkubwa, si kwamba wodi iko salama tu, sasa mwenye ufunguo ni mwanangu.

Ragna alikuwa ameshapita kamba kuja kusalimia wazazi. Alinishika mikono yote miwili. Ana mikono laini. Akaniambia, "Mama Gunnvor, umelea mtu jasiri. Kukubali kuifunga wodi ya kwao kwa mkono wake mwenyewe, wengi wasingeweza."

Nilidhani sikusikia. Unajua masikio yangu. Nikamwomba arudie, naye akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee. Akasema Brede tangu mwanzo alitaka mtu wa kaskazini kwenye Afya, ili pasiwe na wa kusema kwamba watu wa Oslo ndio wanaotufungia. Akasema jambo hili lilikuwa gumu kwako, ulilitafakari siku mbili, na tarehe 8 ukakubali.

Tarehe 8, Jostein. Mimi uliniandikia tarehe 10.

Halafu ukaja. Kamera zikakufuata. Ulifungua mikono, na mimi nilikuwa na maua. Ningefanya nini? Ningekupiga nayo usoni mbele ya mfalme? Nilikukumbatia. Ulininong'oneza, "Umefurahi, Mama?" Sikujibu kwa sababu kama ningefungua mdomo ingetoka sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu baba yako aliposhushwa kaburini.

Na hiyo ndiyo picha unayoisifu. Imebandikwa hapa kwenye ubao wa duka la ushirika. Tangazo la kufunga wodi lilipotolewa wiki iliyofuata, mtu aliikata akaiweka kando ya tangazo. Hawakuandika kitu chini yake. Mwenyekiti wa tawi anamkumbatia waziri anayefunga wodi, tena anatabasamu. Sasa niende nyumba kwa nyumba niwaambie sikujua?

Borghild alikuja, akaosha vyombo vyangu, akaenda zake.

Sitaki maelezo ya serikali. Nataka unijibu moja. Ulipoandika wodi iko salama, ulijua?

Gunnvor

*

Oslo, 9 Novemba

Mama,

Shikamoo. Naomba uisome mpaka mwisho.

Nilijua.

Brede aliniita chumbani kwake, hatukuwa na mwingine. Aliniambia wodi zile zitafungwa, niwemo nisiwemo, wataalamu wameshaandika, vyama vyote vikubwa vimeshakubaliana. Swali lilikuwa moja tu, nani akae pale wakati zinafungwa. Nikikataa, kiti cha kaskazini kingeondoka kabisa, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kwetu, na kaskazini ingekaa miaka minne bila sauti yoyote ndani. Nikikubali, ningepata kitu cha kuwapelekea. Nimekipata. Gari jipya la wagonjwa lenye mkunga ndani, kwa ajili ya Skarvnes tu. Nililipigania.

Ningekuambia ukweli ule, usingeweza kuwadanganya watu. Nakujua. Uso wako ungesema. Tawi lingekataa, na kila kitu kingeanguka. Nilifikiri nikubebee mzigo huo, wewe ubaki safi. Nilifikiri utakapoona gari na mkunga, utaelewa.

Siasa ni kuchagua kati ya hasara mbili. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba anayekaa nje ya mlango hawezi kupanga viti.

Nisamehe kwa namna ulivyosikia. Ilipaswa usikie kwangu.

Mwanao,
Jostein

*

Oslo, 15 Desemba

Mama,

Shikamoo. Natumai mko wazima, na njia haijawa barafu tupu. Hukujibu barua yangu ya Novemba, nami sikulaumu.

Nilitaka kuja Krismasi. Walinzi wanasema lazima waje nami wawili, na wangehitaji mahali pa kulala. Nimemwandikia Sunniva, amenijibu kwamba kwake hakuna nafasi. Nyumba yake ina vyumba vitano.

Basi nitakaa huku. Nimekutumia blanketi la sufu. Kama hulitaki mpe Borghild.

Mwanao,
Jostein

*

Oslo, 27 Februari

Mama,

Nimepata habari kutoka kwa mwandishi wa habari. Alinisimamisha kwenye ngazi za bunge akaniuliza nina maoni gani kuhusu mwanamke wa Skarvnes aliyejifungulia mlimani, na mimi nikaanza kumjibu kama waziri, nikataja takwimu, kabla hajaniambia jina.

Niambie tu kama anaishi. Nimepiga simu hospitalini, wananijibu kama wanavyomjibu mtu yeyote. Tafadhali, Mama.

Jostein

*

Skarvnes, 20 Machi

Jostein,

Anaishi. Na mtoto anaishi, ni wa kike, mzito, ana nywele nyeusi za baba yako.

Uchungu ulimwanza mchana, theluji ikiwa inamwagika. Lile gari lako lilikuwa limekwenda upande wa pili wa ghuba kwa mgonjwa mwingine na mkunga wake ndani. Lilikuja gari la kawaida na vijana wawili wazuri wasiojua kuzalisha. Walifika kwenye kizuizi cha mlimani wakakuta barabara imefungwa, magari yamepanga mstari yakisubiri katapila la theluji. Mtoto alizaliwa pale. Mumewe alimpokea. Mtoto alilia vizuri, wakadhani yamekwisha. Kisha damu ikaanza, ikakataa kusimama, na katapila halikuwa limefika.

Walipofika hospitali kubwa ilibidi wamtoe kizazi ili wamwokoe. Alikuwa na chumba cha watoto wanne kichwani mwake, Sunniva wako. Amerudi nyumbani wiki iliyopita. Anatembea akishika ukuta.

Sasa nikuambie nililofanya mimi, ingawa umeshalisoma. Nilisubiri arudi, kisha nikaitisha mkutano wa tawi. Nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama Oktoba, nikasema mwanangu alinidanganya, nami nikawapa uongo ule kwa mkono wangu, na nilipomkumbatia uwanjani nilikuwa nimeujua kwa dakika tatu tu. Nikaomba radhi, nikavua uenyekiti. Gazeti la mkoa lilikuwepo.

Na wewe ulipoulizwa, ofisi yako ilijibu. Nimeisoma hapa mezani. Waziri anaelewa uchungu wa mama yake, ambaye umri wake ni mkubwa na masikio yake ni mazito, na anasikitika kwamba maneno ya waziri yalieleweka vibaya.

Barua zako ninazo zote. Mwandishi aliniuliza kama nina kitu cha kuonyesha. Nilimwambia anachokitaka hakimo nyumbani mwangu, na huo ni uongo wangu wa kwanza kuusema nikijua ni uongo. Nimeusema kwa ajili yako na sitausema tena.

La Oktoba nililiita hofu. Mtu akiogopa hufanya ya ajabu. Lakini hili la juzi ulilifanya umekaa, kuna kahawa mezani, na mtu wa kukuandikia.

Usiniandikie.

Gunnvor Eidsnes

*

Oslo, 24 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Uliniambia nisiandike na nimejizuia tangu Machi. Natumai mko wazima. Najua sina haki ya kuuliza.

Utakuwa umesikia kwenye redio. Brede amepanga upya baraza. Aliniita ofisini kwake jana asubuhi. Alinishukuru kwa kazi ngumu. Akasema wodi zote zimeshafungwa, kazi hiyo imekwisha, na sasa serikali inahitaji sura isiyobeba kelele za zamani. Amepata mwanamke kijana kutoka juu kabisa, karibu na mpaka, ana miaka thelathini na moja. Kijana, mwanamke, kaskazini, vyote katika kiti kimoja. Alinieleza kama anayetaka nifurahie hesabu yake. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto nilipotoka.

Ragna alikuwa anajua tangu Septemba. Nilikula naye chakula cha mchana Ijumaa. Aliniuliza habari za likizo.

Nimemkabidhi yule binti kadi ya mlango wa wizara mbele ya kamera. Mama yake alikuwepo, amevaa vazi la kwao, analia kwa furaha. Aliponipa mkono alisema, "Asante kwa kumwachia mwanangu nafasi."

Ile taarifa ya Machi waliiandika wao. Lakini waliniletea niisome kabla, na niliisoma, na nikasema sawa. Hilo sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Sina kazi mpaka bunge lifunguliwe tena, na humu mjini sina ninayeweza kukaa naye bila kuzungumza. Naweza kuja? Hakuna walinzi sasa. Ukisema hapana nitaelewa.

Jostein

*

Skarvnes, 30 Oktoba

Jostein,

Marahaba. Sisi wazima kiasi chetu. Sunniva ameanza kwenda kazini nusu siku. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu. Alibatizwa mwezi wa nne, alishikwa na Borghild, na jina lake ni Arnfrid.

Redio niliisikia. Sikucheka. Watu walidhani nitacheka, walikuja kunitazama.

Unaniambia walivyokufanyia kama unanionyesha kidonda. Nimekiona. Mimi nakijua kidonda hicho, ila mimi aliyenikata sikuwa nimekutana naye hotelini. Nilimzaa.

Kuja, njoo. Ni kwenu. Basi la Jumamosi linafika saa nane, na sitakuja kukupokea kituoni.

Kabla hujafika kwangu, pita kwa Sunniva. Usimwandikie wala kumpigia simu kwanza. Nenda mlangoni ubishe hodi, mchana, majirani wakikuona. Akikufungulia, umwambie yeye hayo uliyoniambia mimi, la Oktoba na la Machi, kwa mdomo wako. Kisha njoo.

Asipokufungulia, njoo vilevile. Uingie jikoni, ukae, uniambie, "Hakunifungulia." Sitaki kulisikia kwa Borghild.

Mama yako